Rangi inavyodhoofisha plastiki ya faiba iliyorejelezwa

Fungua boneti ya gari lililotoka Japani katika miaka 20 iliyopita, utazame tangi la plastiki la rejeta. Ni jeusi, gumu, na ukilifuta vumbi utaona herufi zilizochapwa na kalibu yenyewe: >PA66-GF30<. Fundi rejeta wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, anazijua kwa sura hata kama hajawahi kuambiwa maana yake. PA66 ni poliamidi, nailoni ya kihandisi inayostahimili maji ya moto ya injini. GF30 ni taarifa kwamba asilimia 30 ya uzito wa tangi hilo ni nyuzi za kioo, zile ambazo mafundi wetu huziita faiba.

Alama hiyo imewekwa kwa ajili ya siku gari litakapouzwa skrepa, ili atakayelivunja ajue ameshika nini. Inamtajia aina ya plastiki na kiasi cha faiba. Haimwambii rangi ya kifaa hicho imetengenezwa kwa kitu gani. Wengi wetu hatuoni tatizo hapo, kwa sababu tumezoea kuichukulia rangi kuwa pambo: ndoo nyekundu na ndoo ya bluu zinabeba maji yaleyale. Kwenye plastiki yenye faiba mambo hayaendi hivyo. Chembe za rangi huingia ndani ya plastiki, hukaa ubavuni mwa nyuzi za kioo, husagwa pamoja nazo, na zipo zinazozikwaruza hadi zikatike.

Ndiyo maana nguvu ya plastiki ya faiba itakayorejelezwa kesho huanza kuamuliwa siku mtengenezaji anapochagua rangi. Anayechambua taka, anayesaga na anayenunua punje za plastiki zilizorejelezwa wanapokea matokeo ya uamuzi ambao hawakuulizwa. Kwa kuwa nchi zetu zinajenga sasa sekta ya urejelezaji, tunapaswa kulielewa jambo hili kabla hatujazoea kutengeneza bidhaa dhaifu na kuzilaumu taka.

Kazi ya faiba

Plastiki tupu ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Poliamidi 66 kavu isiyo na faiba hukatika ikivutwa kwa nguvu ya takriban megapaskali 80. Ikitiwa asilimia 30 ya nyuzi za kioo, huvumilia megapaskali 180 hadi 190. Polipropilini, plastiki ya ndoo na viti vya sherehe, hupanda kutoka megapaskali 30 na kitu hadi 80 au zaidi, mradi kioo na plastiki vimeshikana vizuri. Nyumba ya fito na udongo imesimama kwa kanuni hiyohiyo: udongo unajaza na kushikilia, fito ndizo zinazobeba. Fito zikikatwa vipande vya urefu wa kiganja, ukuta unaweza kusimama, lakini hautahimili msukumo.

Kila uzi wa kioo una unene wa mikromita 10 hadi 17, mwembamba kuliko unywele. Ili uzi huo ubebe mzigo, lazima plastiki iushike kwa urefu wa kutosha. Mwaka 1965 wanasayansi Kelly na Tyson walionyesha namna ya kuupima urefu huo wa chini. Chukua uzi wa mikromita 10 unaovumilia megapaskali 2,000, na mshiko wa plastiki wa megapaskali 30: uzi huo unahitaji kuwa na urefu wa takriban theluthi moja ya milimita ndipo nguvu yake yote itumike. Ukiwa mfupi zaidi, plastiki ikivutwa uzi huchomoka mahali pake kabla haujabeba kiasi unachoweza kubeba.

Sasa tazama safari ya uzi huo. Unaingia kiwandani ukiwa umekatwa kwa urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu. Mashine ya kuyeyusha ina skrubu inayozunguka na kuukanda uji wa moto, na huko nyuzi hukatika. Zikishapita na kwenye mashine ya kudunga plastiki ndani ya kalibu, nyingi hubaki na urefu wa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Kwa maneno mengine, kifaa kipya kabisa tayari kinaishi mpakani. Kikisagwa, kikayeyushwa na kudungwa tena, nyuzi hufupika tena na nyingi huvuka mpaka huo kwa upande mbaya. Kufupika huku ndiko sababu kuu ya plastiki ya faiba kupoteza nguvu kila inaporejelezwa, na chochote kinachoharakisha ufupi huo ni adui wa mrejelezaji.

Weupe unaokwaruza kioo

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza Alan Arnold Griffith, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, alichapisha utafiti uliobadilisha uelewa wetu wa kuvunjika kwa vitu. Alivuta nyuzi za kioo za unene mbalimbali akaona kwamba nyembamba kabisa zilikuwa na nguvu takriban mara 20 ya kioo cha kawaida cha kipande kikubwa. Maelezo yake yalikuwa kwamba kioo huvunjika kuanzia kwenye nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na uzi mwembamba uliotoka kuvutwa una nyufa chache na fupi. Uuguse uzi huo kwa kitu kigumu, uukwaruze kwa kina kisichofika hata nusu ya mikromita, na sehemu kubwa ya nguvu yake imekwisha.

Hapo ndipo rangi nyeupe inapoingia. Weupe wa plastiki, kama ulivyo weupe wa rangi za ukutani, karatasi na dawa nyingi za meno, hutokana zaidi na titani dioksidi. Hakuna unga mwingine mweupe unaoufikia kwa kufunika: chembe zake za robo ya mikromita hivi hutawanya mwanga kwa ustadi mkubwa, na kiasi kidogo kinatosha kuziba rangi ya kitu kilicho chini yake. Pwani ya Kenya ina sehemu katika historia ya unga huu. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024 mgodi wa Kwale ulichimba mchanga wenye ilmenaiti, rutili na zirkoni, na shehena zikapakiwa melini kutoka Likoni. Sehemu kubwa ya madini ya titani yanayochimbwa duniani huishia kwenye rangi hii nyeupe, na ni kidogo tu kinachofanywa metali ya ndege na vifaa vya hospitali.

Tatizo ni ugumu wake. Kwenye mizani aliyoibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambapo ulanga una 1 na almasi ina 10, titani dioksidi ya aina ya rutili ina ugumu wa 6 hadi 6.5. Kioo kiko karibu na hapo au chini yake kidogo. Ndani ya mashine ya kuyeyusha, penye nyuzijoto 280 hivi kwa poliamidi 66, mabilioni ya chembe ngumu yanasukumwa kwa shinikizo kubwa dhidi ya nyuzi za kioo. Kila mkwaruzo ni ufa wa Griffith. Uzi uliokwaruzwa hukatika mapema kwenye skrubu, na usipokatika hapo unabaki kiungo dhaifu ndani ya kifaa. Kwenye kipimo cha kuvuta na kipimo cha kishindo, plastiki ya faiba iliyotiwa titani dioksidi hutoka na alama za chini kuliko ileile isiyo na rangi.

Watengenezaji wa rangi wanalijua jambo hili kwa miaka mingi, na dawa yake ipo. Zinki salfaidi ni unga mweupe wenye ugumu wa takriban 3 kwenye mizani ya Mohs, laini kiasi cha kutoweza kukikwaruza kioo. Uwezo wake wa kufunika ni mdogo kuliko wa titani dioksidi, kwa hiyo hutiwa kwa wingi zaidi ili kufikia weupe uleule, na gharama hupanda. Viwanda makini vinavyotengeneza vifaa vyeupe vya faiba huutumia kwa sababu hiyo moja: unaziacha nyuzi zikiwa nzima. Vingine huchagua unga wa bei nafuu, kwa hesabu kwamba kifaa kipya kitafaulu vipimo hata kikipoteza nguvu kidogo. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi kwa maisha ya kwanza ya kifaa. Maisha ya pili hayakuhesabiwa.

Tusidhani kwamba hili ni suala la vitu vyeupe peke yake. Rangi ya maziwa, kijivu cha vifaa vya umeme, bluu ya mbingu, waridi, kijani kilichopauka: kila rangi nyepesi hupatikana kwa kuchanganya rangi kali na nyeupe. Anayetenga vyeupe tu na kuviacha vyenye rangi za kupauka amefanya nusu ya kazi.

Bluu, kijani na nyekundu

Rangi nyingine hudhuru kwa njia tofauti. Bluu kali na kijani kali za plastiki nyingi hutokana na fthalosianini yenye shaba, ya jamii ya rangi iliyogunduliwa katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, mwaka 1928. Chembe zake ni laini, hazikwaruzi kioo. Kinachotokea ni kwamba polietilini na polipropilini zinapopoa, molekuli zake hujipanga na kuunda fuwele, na chembe za fthalosianini huwa mahali pa kuanzia. Fuwele huanza mapema, zinakuwa nyingi, na kifaa hunywea kwa kipimo tofauti na kile cha rangi nyingine. Viwanda vya kreti na vifuniko vinalijua tatizo hili: kalibu moja, plastiki moja, lakini kifuniko cha bluu kinapinda na chekundu kimenyooka.

Kwenye polipropilini kuna ajabu nyingine. Aina fulani ya rangi nyekundu ya kwinakridoni huifanya plastiki hiyo iunde fuwele za umbo lisilo la kawaida, na matokeo yake huwa kitu kinachovumilia kishindo zaidi lakini kisicho na ugumu uleule. Mtengenezaji anayejua huitumia sifa hiyo kwa manufaa. Mrejelezaji aliyechanganya nyekundu za viwanda tofauti hajui hata kama sifa hiyo imo. Mzigo wa Jumatatu unatoka mgumu, wa Alhamisi unatoka laini, naye anaitafuta hitilafu kwenye mashine.

Kuna pia kile kinachosafiri pamoja na rangi. Mara nyingi rangi haitiwi kiwandani ikiwa unga mkavu. Hununuliwa kama punje za plastiki zilizokolezwa rangi, na plastiki inayobeba rangi hiyo mara nyingi ni polietilini kwa sababu ni rahisi na inayeyuka upesi. Ndani yake kuna nta na sabuni za metali zinazosaidia chembe kusambaa. Punje hizo zikiingia kwenye poliamidi, polietilini haichanganyiki nayo. Hubaki matone madogo yasiyoshikana na chochote. Nta nazo zinaweza kufika kwenye uso wa nyuzi za kioo, mahali ambapo mtengenezaji wa nyuzi alipaka kemikali maalumu ya silani ili kioo na plastiki vishikane. Mshiko ukilegea, ule urefu wa chini wa Kelly na Tyson hupanda. Mshiko wa megapaskali 30 ukishuka hadi 15, uzi uleule unahitaji kuwa mrefu mara mbili ili kufanya kazi ileile, wakati ambapo urejelezaji umeshaufupisha.

Hatimaye kuna madonge. Chembe ambazo hazikusambaa vizuri hushikana na kuwa uvimbe wa makumi ya mikromita. Kifaa kikipigwa kishindo, ufa huanzia hapo. Rangi moja iliyosambazwa vizuri inaweza isilete shida. Mchanganyiko wa rangi 10 za viwanda 10, uliopita kwenye mashine ndogo isiyokanda vya kutosha, una madonge ya kutosha kuigeuza plastiki imara kuwa kitu kinachopasuka ghafla.

Nyeusi inaficha

Kwa haki, rangi hazina ubaya tu. Nyeusi ya masizi ya kaboni ni mlinzi mkubwa wa plastiki dhidi ya jua. Mabomba meusi ya polietilini yanayopeleka maji vijijini hutiwa asilimia 2 hadi 2.5 ya masizi hayo kwa matakwa ya viwango, na ndiyo yanayoyawezesha kukaa nje kwa miaka bila kupasuka. Rutili iliyopakwa vizuri nayo huizuia mionzi ya jua, ilhali anatasi, ndugu yake mwenye kemia ileile na mpangilio tofauti wa fuwele, huchochea plastiki kuoza ikipigwa na mwanga. Oksidi za chuma, zinazotoa rangi za udongo, zinaweza kuharakisha kuchakaa kwa polipropilini kwenye joto. Kila rangi ina tabia zake, na ndiyo maana kuzichanganya bila kuzijua ni hatari.

Nyeusi ina matatizo mawili ya kipekee. La kwanza ni la mitambo. Viwanda vikubwa vya Ulaya huchambua plastiki kwa kuimulika mwanga wa infraredi ya karibu na kusoma unaorudi. Masizi ya kaboni huumeza mwanga huo, na kipande cheusi kinapita kwenye mkanda bila mashine kukitambua. Sehemu nyingi za faiba za magari ni nyeusi, kwa hiyo plastiki yenye thamani kubwa ndiyo isiyoonekana. Nyeusi zisizo na masizi, zinazosomeka na mashine, zimeshatengenezwa, na vipo vifaa vya kupima kwa infraredi ya kati; kinachokosekana ni matumizi yake kuwa ya kawaida.

Tatizo la pili ni la tabia ya watu. Mrejelezaji akichanganya matangi meusi ya rejeta, maganda ya bluu na ya manjano ya drili za umeme, na vifaa vya umeme vya kijivu, anapata uji wa rangi ya matope. Hakuna anayeununua. Anaongeza masizi ili kila kitu kiwe cheusi, na bidhaa inapendeza. Mteja anaona punje nyeusi zinazong'aa, hajui kwamba ndani yake kuna titani dioksidi iliyokwaruza faiba, polietilini iliyojitenga na madonge ya rangi tano. Rangi za madini haziungui wala haziyeyuki kwenye joto la mashine hizi. Kila mzunguko unaziacha zilipo na kuongeza nyingine. Katika poliamidi masizi yenyewe huharakisha fuwele na kupunguza uwezo wa kunyumbuka kabla ya kukatika. Tangi la rejeta lililokaa miaka mingi na maji ya moto na dawa ya kupoozea, molekuli zake zikiwa zimeshakatwakatwa, halikuwa na akiba ya kupoteza.

Nyeusi ya vifaa vya kielektroniki inabeba hatari nyingine tena: mara nyingi ndani yake mna kemikali za bromini za kuzuia moto. Plastiki hiyo haifai kabisa kugeuzwa kijiko, sahani au toi ya mtoto, na kupaka nyeusi juu ya nyeusi ndiko kunakoificha.

Majivu yasiyosema yote

Mnunuzi atajilindaje? Kipimo kinachotumika sana ni cha majivu, kilichoelezwa kwenye kiwango cha ISO 3451. Unapima uzito wa sampuli, unaichoma kwenye tanuri hadi plastiki yote iishe, unapima kilichobaki. Kikibaki asilimia 30, watu husema plastiki ina faiba asilimia 30. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Majivu yanahesabu kila kisichoungua: nyuzi za kioo, titani dioksidi, ulanga, chokaa. Sampuli yenye faiba asilimia 20 na unga wa madini asilimia 10 inatoa jibu lilelile, na unga huo haubebi mzigo ambao faiba ingebeba.

Dawa ni hatua moja ya ziada isiyohitaji maabara ya kifahari. Chukua majivu hayo, yatawanye kwenye kipande cha kioo, uyaweke chini ya hadubini ya kawaida ya shuleni. Nyuzi zinaonekana kama vijiti, unga unaonekana kama unga. Pima urefu wa vijiti mia kadhaa na utajua kama unanunua faiba au mabaki ya faiba. Kipimo hiki kingeingizwa katika mikataba ya ununuzi, biashara ya punje zilizorejelezwa ingepata uaminifu unaokosekana sasa.

Kipimo cha kuelea majini nacho kina mtego. Wachambuzi wengi wanajua kwamba polipropilini huelea, kwani uzito wake ni gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Polipropilini yenye asilimia 30 ya faiba hufika gramu 1.12 au zaidi, inazama pamoja na nailoni na kuingia kwenye rundo lisilo lake. Poliamidi 66 yenye faiba asilimia 30 iko kwenye 1.37 hivi, karibu sawa na plastiki ya chupa za maji yenye 1.38. Rangi nzito za madini nazo huongeza uzito. Beseni la maji linasaidia, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya kuisoma alama iliyochapwa kwenye kifaa.

Mapanga ya Turkana

Yote hayo yanahusu plastiki inayoyeyuka. Kuna faiba ya aina nyingine, ile ya boti na ya mapanga ya mitambo ya upepo, ambayo plastiki yake ikishakauka haiyeyuki tena. Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na kila mtambo una mapanga matatu. Hayo ni mapanga 1,095 yaliyopakwa rangi nyepesi, na siku yao ya kushushwa itafika.

Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilitumia miaka mingi kuendeleza mbinu ya kuichoma plastiki ya aina hiyo kwenye mchanga unaochemka kwa hewa ya moto, kwa nyuzijoto 450 hivi, ili nyuzi za kioo zitoke. Zinatoka, lakini joto lenyewe huziondolea nyuzi za kioo karibu nusu ya nguvu. Titani dioksidi iliyokuwa kwenye rangi ya nje haiungui kwenye joto hilo. Hubaki unga mgumu katikati ya nyuzi zilizokwisha kudhoofika, na nyuzi hizo zikikandwa kwenye plastiki mpya bila kusafishwa, ukwaruzaji unaanza upya. Kukwangua rangi ya nje kabla ya kusaga ni kazi ya kuchosha, lakini ina maana kubwa. Pasipowezekana, tanuri la saruji ndilo mlango uliobaki, kwa sababu kioo kinageuka sehemu ya saruji yenyewe, na saruji haijali rangi. Hapo hata hivyo kazi yote iliyofanywa kuuvuta uzi ule wa kioo inapotea.

Nani abebe mzigo

Mwezi Julai 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza kwamba asilimia 25 ya plastiki kwenye magari mapya iwe imerejelezwa. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, imekubali kanuni kwamba mzalishaji anawajibika kwa bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Ni hatua njema zote mbili. Ila asilimia ya plastiki iliyorejelezwa ni takwimu ya uzito, na uzito hauzuii kifaa kuvunjika. Wajibu wa mzalishaji unapaswa kufika kwenye rangi.

Inawezekana. Sehemu za ndani ya gari zisizoonekana na mtu yeyote hazina haja ya kupakwa rangi ya urembo. Plastiki ya faiba isiyotiwa rangi ingeweza kutumika na kurejelezwa mara nyingi zaidi. Panapohitajika weupe, zinki salfaidi itangulie. Panapohitajika nyeusi ambayo haitaona jua, itumike inayosomeka na mashine. Alama ya >PA66-GF30< iongezewe herufi chache za kutaja aina ya rangi. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yanaweza kudai kwamba punje za faiba zilizorejelezwa ziuzwe na karatasi inayoonyesha urefu wa nyuzi na mgawanyo wa majivu, faiba upande mmoja na unga upande wa pili.

Karakana nazo zina la kufanya bila kusubiri sheria. Zitenge kwa rangi kabla ya kusaga, kwa sababu baada ya kusaga hakuna mkono unaoweza kutenganisha. Matangi ya rejeta yakae peke yake. Vyeupe na vyenye rangi za kupauka visiingie kwenye rundo la faiba. Skrubu iendeshwe kwa mwendo wa wastani na plastiki ikaushwe vizuri kabla ya kuyeyushwa. Kilichorejelezwa kichanganywe na kipya kwa kipimo kinachojulikana. Na mchanganyiko usiojulikana asili yake usitengenezwe kitu cha kubeba uhai wa mtu, iwe ni ngazi, kofia ya kazi au sehemu ya breki. Nguzo za uzio na matofali ya bustani vinaweza kuupokea.

Kazi hii yote ya kutenga inafanywa na watu, na wengi wao wanalipwa kwa kilo. Malipo ya kilo yanamwambia mchambuzi ajaze gunia. Hayampi sababu ya kusoma alama, kutoa cheupe kimoja kilichojificha kati ya vyeusi, au kurudisha ganda la drili kwenye rundo lake. Kila kiwanda kinachotaka plastiki ya faiba yenye nguvu kianze hapo: gunia lililotengwa kwa aina na kwa rangi lilipwe bei ya juu kuliko gunia la mchanganyiko, na tofauti hiyo imfikie aliyelichambua kwa mikono yake. Nyuzi zilizookolewa zisikwaruzwe ni kazi yake, na ana haki ya kulipwa kwa kazi hiyo.